Si Kila Uvimbe wa Korodani ni Busha

Katika bonde la Kilombero, mwanaume akivimba korodani, jina la ugonjwa hutolewa kabla hajafika zahanati: busha, au mshipa. Mara nyingi majirani hawakosei, maana mabusha yanayoletwa na minyoo ya mbu ni ugonjwa wa siku nyingi nchini. Taabu huanza pale kijana wa miaka ishirini na kitu anapokuwa na donge gumu lisilouma ndani ya korodani yenyewe, akaambiwa avune mpunga kwanza, maji atakwenda kutolewa baadaye.

Donge hilo linaweza kuwa saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza mbegu za uzazi. Kwa Waafrika ni adimu kuliko kwa Wazungu, na uadimu huo ndio unaotuponza: mgonjwa haifikirii, na tabibu wa zahanati huenda hajawahi kuiona. Huwapata zaidi wanaume wa miaka 15 hadi 40, hasa aliyezaliwa na korodani isiyoshuka. Ndiyo maana mtoto wa kiume akifikisha miezi 6 bila korodani kushuka apelekwe kwa daktari; upasuaji wa kuishusha ni vyema ufanyike kabla ya miezi 18.

Kujipima hakuhitaji gharama. Baada ya kuoga maji ya moto, viringisha kila korodani taratibu kati ya dole gumba na vidole vingine. Iliyo nzima ni laini kama yai la kuchemsha lililomenywa, na kile kijirija kilichojikunja nyuma yake ni cha kawaida. Gizani, tochi ikiwekwa nyuma ya busha, maji huangaza wekundu. Donge la nyama hubaki jeusi. Lakini tochi isikufanye ujiamini, kwa kuwa busha huweza kuficha donge ndani yake. Ultrasaundi ndiyo hutofautisha. Kabla ya kipimo hicho usikubali kuchomwa sindano ya kunyonya maji, kwani kama ni saratani, sindano hiyo inaweza kuisambaza.

Wasichana nao hupata uvimbe wa seli hizo za uzazi, kwenye ovari. Tumbo hukua upesi, na mtaa mzima huanza kuhesabu miezi. Baya zaidi, baadhi ya uvimbe huu hutoa homoni ileile ya mimba, hivyo kipimo cha mkojo cha duka la dawa huweza kuonyesha mistari miwili kwa binti asiye na mimba, na hata kwa mwanaume! Binti huyo asifukuzwe nyumbani wala shuleni, apelekwe ultrasaundi. Kuna pia uvimbe wa ovari ambao ukipasuliwa hukutwa una nywele, mafuta, hata meno. Nimesikia ukitajwa kuwa kazi ya mchawi. Seli hizi za uzazi zina uwezo wa kujenga kila aina ya nyama ya mwili, basi. Na kwa watu wazima uvimbe huo wa ovari kwa kawaida si saratani. Uvimbe wa seli hizi huweza pia kumtokea kichanga, hivyo mwenye kinundu kwenye kifandugu naye aonwe mapema.

Anayeishi Malinyi au Ulanga hasubiri tena kivuko, daraja la mto Kilombero lilizinduliwa 2018. Aanzie zahanati, achukue barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya St. Francis, Ifakara. Damu hupimwa viashiria vya saratani hii, yaani AFP, beta-HCG na LDH, kabla ya upasuaji, kisha tena baadaye, ili ijulikane kama viwango vinashuka. Korodani yenye saratani hutolewa kupitia kinenani, si kwa kupasua mfuko wake, na nyama yake hupelekwa maabara ya patholojia. Hakikisha majibu hayo yanafuatiliwa. Bila majibu hakuna anayejua tiba gani ifuate. Korodani moja iliyobaki ikiwa nzima hutosha kwa nguvu za kiume na kuzaa.

Saratani ikiwa imesambaa, safari ni Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Watoto hutibiwa Muhimbili. Dawa za kemo ni sisplatini, etoposaidi na bleomaisini, mizunguko mitatu au minne, kila mmoja siku 21. Hadi miaka ya 1970 waliofikia hatua hii wengi walikufa. Mwaka 1974 daktari Lawrence Einhorn wa Indiana, Marekani, alianza kuchanganya sisplatini na dawa nyingine, na leo wengi wanaomaliza dozi hupona hata kama mapafu yalikwisha kuguswa. Kemo huweza kupunguza mbegu, kwa hiyo suala la kuzaa lizungumzwe na daktari kabla ya dripu ya kwanza. Kuhusu gharama, waone mapema watu wa bima na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini.

Kati ya mzunguko na mzunguko mgonjwa hurudi nyumbani, na hapo pana hatari ambayo bondeni kwetu huonekana jambo la kila siku: homa. Mkono huenda moja kwa moja kwenye dawa mseto ya malaria. Lakini kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na homa ya nyuzi 38 huweza kuwa maambukizi yanayoua kwa siku moja. Aende hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, aonyeshe karatasi za kemo kabla hata hajaulizwa anaumwa nini. Akianza kikohozi kikavu au kukosa pumzi, aseme pia, kwa sababu bleomaisini hudhuru mapafu.