Kufundisha Jicho kwa Kumtazama Mbuzi

Katika somo la jicho tusianze na mchoro ubaoni, bali na mbuzi aliye hai. Wanafunzi wamtazame mchana: mboni zake zimelala kama mstari, hazina umbo la duara kama zetu. Kwa kuwa macho yako ubavuni mwa kichwa, humwezesha kuona karibu pande zote na kumtambua adui mapema.

Kisha tuulize: akiinama kula majani, je, mboni husimama wima? Tusiwajibu, waangalie wenyewe. Wataona zimebaki sambamba na ardhi. Watafiti walieleza mwaka 2015 kwamba jicho lenyewe hujizungusha, hata kufikia nyuzi 50.

Anayenakili jibu hulisahau baada ya mtihani. Aliyeligundua hudumu nalo.