Tingatinga linavua cheni

Swali: Nina Caterpillar D6 ya zamani, nachongea barabara za shambani Mufindi. Cheni inachomoka nikigeuka kwenye mteremko, na meno ya sproketi yamechongoka. Ninunue sproketi mpya?

Jibu: Usinunue bado, ndugu yangu. Meno kuchongoka ni dalili tu. Ugonjwa uko kwenye pini na bushi. Zikilika, nafasi kati ya pini na pini huongezeka, cheni hurefuka na haikai tena sawasawa kwenye meno. Sproketi mpya juu ya cheni hiyo italika upesi, na pesa yako itakuwa imepotea.

Safisha tope, kaza cheni inyooke, kisha pima kutoka pini ya kwanza hadi ya tano, ukiiepuka pini ya kuungia. Linganisha na kitabu cha mashine. Kama haijavuka kikomo na bushi hazijapasuka, pini na bushi zitolewe kwa presi na kugeuzwa nusu mzunguko, upande mzima ukutane na meno. Hapo ndipo ufunge sproketi mpya.

Kagua pia rola zinazovuja oili na aidla iliyolegea pembeni. Hizo nazo huvua cheni.

Baadaye usikaze kupita kiasi: cheni iliyovutika sana hula bushi haraka. Unapoilegeza, nakusihi, usiifungue valvu ya grisi yote wala usisimame mbele yake. Grisi ile ina shinikizo la kupenya ngozi. Ilegeze kidogo kidogo.