Somo la Sita: Vihisio Visivyotumia Waya na Afya ya Mishipa ya Fahamu

Lengo: Baada ya somo hili, mtumiaji aweze kutambua kihisio hupima nini, kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kulipa, na kukijua kipimo cha kuomba kituoni.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, wakulima hushinda shambani na jioni za baridi huota moto. Mwenye mishipa ya fahamu iliyo salama akikanyaga mwiba au akisogelea mno makaa, huumia na kuuondoa mguu. Aliyepoteza hisia kwa sababu ya kisukari au ukoma hahisi lolote. Jeraha huchimba pasipo yeye kujua, na huenda mwisho wake ukawa kukatwa mguu. Hofu hiyo humfanya mgonjwa avutiwe na kila kifaa kinachosemwa kuwa "hupima mishipa".

2. Kihisio hupima nini

Kihisio kisichotumia waya ni kifaa kidogo kinachowekwa katika soksi, kiatu au mkeka, nacho hutuma vipimo kwenye simu. Vihisio vya miguu hupima joto au mgandamizo. Sehemu ya mguu mmoja ikizidi joto la sehemu kama hiyo ya mguu wa pili kwa nyuzi 2.2 za Selsiasi, siku mfululizo, wataalamu huichukulia kuwa dalili ya kidonda kinachoweza kutokea.

Tuzingatie: joto hilo halitoki katika kupima mshipa wa fahamu. Mshipa wenyewe hupimwa na mtaalamu hospitalini, kwa kuangalia kasi ya umeme unaopita ndani yake. Kwa hiyo anayedai kuwa kifaa cha kushika mkononi kwa dakika moja hutoa majibu ya mishipa yote ya mwili anastahili kutiliwa shaka.

3. Kipimo kisichohitaji chaji

Uko uzi wa nailoni unaopinda unapobeba uzito wa gramu 10. Mhudumu huugusisha kwenye nyayo; mgonjwa hufumba macho na kusema kila anapohisi. Asipohisi, mguu huo unahitaji ulinzi: kuukagua kila siku, kutokwenda peku, na kutoukaribisha motoni. Mwenye baka lenye ganzi kwenye ngozi asikawie kwenda kituoni. Dawa za ukoma hutolewa bure.

4. Maswali kabla ya kununua

(a) Je, kifaa kimeruhusiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)?
(b) Hupima nini hasa: joto, mgandamizo au umeme wa mshipa?
(c) Kitafanya kazi pale ambapo umeme na mtandao hukatika?
(d) Taarifa zangu za afya zinakwenda kwa nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda.
(e) Je, nitapewa risiti na dhamana kwa maandishi?

Jibu likikosekana, tusilipe. Wala asiwepo anayeacha dawa za kisukari kwa kuwa kifaa kimeonyesha "salama".

Zoezi: Leo jioni, kabla ya kulala, kagua nyayo zako kwa kioo, au mwombe mtu wa nyumbani akukagulie. Umeona nini ambacho hukuwa umekihisi?