Kabla Hujalipia Darasa la Kichina Mtandaoni, Hesabu Dakika Zako

Ndugu zangu mlioko Muscat, Doha, Riyadh na kwingineko, wengi wenu mnauliza kuhusu kujifunza Kichina kwa simu. Wapo wanaopanga kurudi na kufungua duka Kariakoo au Nyamakima, mzigo utoke Guangzhou au Yiwu. Wapo mafundi wanaotaka kazi kwenye makampuni ya Kichina yanayojenga barabara na reli kwetu. Mpango ni mzuri. Ila ada inatoka kwenye mshahara uleule unaolipa karo za watoto na dawa za wazee, kwa hiyo tuichambue kama matumizi mengine yoyote: unatoa nini, unapata nini?

1. Unalipia nini hasa?

Sarufi ya Kichina haitishi sana. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi kama chetu, na hesabu zinafuata mpango unaoujua: 14 ni *shí sì*, yaani "kumi nne", na 40 ni *sì shí*, "nne kumi".

Ugumu uko kwenye toni, yaani jinsi sauti inavyopanda na kushuka ndani ya neno. Toni kuu ni nne. *Mǎi*, kwa toni ya tatu inayoshuka kisha kupanda, ni kununua. *Mài*, kwa toni ya nne inayoanguka kwa nguvu, ni kuuza. Mfanyabiashara anayechanganya hayo mawili ana kazi.

Maneno na salamu unaweza kujifunza bure kwenye video na programu kama Duolingo, ukiwa na Kiingereza kidogo. Kitu ambacho si rahisi kukipata bure ni mtu wa kukusikiliza na kukukatiza palepale: "Hapana, rudia." Hicho ndicho cha kulipia.

2. Piga hesabu ya dakika zako za kuongea

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa riyali za Oman.

Darasa A: riyali 12 kwa mwezi, saa 8, wanafunzi 30.
Darasa B: riyali 16 kwa mwezi, saa 4, wanafunzi 4.

Kwa haraka A linaonekana rahisi. Sasa tuseme nusu ya muda mwalimu anaongea na nusu wanafunzi wanaongea. Darasa A lina dakika 480. Nusu yake ni 240. Gawa kwa watu 30, unapata dakika 8 kwa mwezi mzima. Riyali 12 kwa dakika 8 ni riyali 1 na baisa 500 kwa kila dakika.

Darasa B lina dakika 240. Nusu ni 120. Gawa kwa watu 4, unapata dakika 30. Riyali 16 kwa dakika 30 ni kama baisa 533 kwa dakika.

Yaani lile "la bei rahisi" ni ghali karibu mara tatu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwalimu liwe: "Darasa lina watu wangapi?"

3. Angalia saa

Ukimaliza kazi saa 2 usiku Muscat, Beijing ni saa 6 usiku. Ukiwa Riyadh au Doha, huko ni saa 7 usiku. Mwalimu aliyeko China atakuwa amelala. Basi ama usome siku yako ya ofu asubuhi, ama utafute mwalimu wa nyumbani. Wapo: Taasisi ya Confucius ipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na Tanzania zipo kwenye vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Mwalimu aliyepitia huko anaweza kukueleza kwa Kiswahili, na saa zenu zinaoana.

4. Uliza haya kabla ya kutuma hela

- Naweza kupata kipindi kimoja cha majaribio? Kwenye kipindi hicho, hesabu mara ngapi amekusahihisha toni. Kama hakukusahihisha hata mara moja, mshukuru na uendelee kutafuta.
- Tunatumia programu gani? Baadhi ya nchi za Ghuba huzuia simu za WhatsApp. Ijaribu kwa laini yako, uone pia inakula bando kiasi gani.
- Tutaanza na maandishi ya Kichina? Kama shida yako ni kuongea na kupatana bei, anza na pinyin, Kichina kilichoandikwa kwa herufi za kilatini. Hata kwenye simu, Wachina wengi huchapa kwa pinyin.
- Mnafuata HSK ipi? Huu ndio mtihani wa Kichina unaotambulika. Kwenye mfumo ulioanza 2010, ngazi ya kwanza ina maneno 150. Viwango vilivyotangazwa 2021 vina ngazi 9 na maneno mengi zaidi. Usinunuliwe vitabu vya mfumo usiouhitaji. Na cheti cha darasa si cheti cha HSK. HSK hufanywa kwenye vituo rasmi.

5. Kulinda hela yako

Lipa mwezi kwa mwezi. Punguzo la "lipa mwaka mzima" halikufai wewe ambaye bosi anaweza kukubadilishia siku ya ofu wakati wowote. Ada isitoke kwenye fungu la nyumbani wala akiba ya dharura; itengee fungu lake dogo, na likikosa hela mwezi huo, rudia masomo ya bure. Anayekuahidi Kichina ndani ya siku 30, au viza na kazi China pamoja na darasa, mkimbie.

Kazi ya wiki hii

Usilipe chochote bado. Jifunze moja hadi kumi kwa video ya bure, dakika 15 kila usiku kwa siku 7. Jirekodi ukisema 14 na 40, kisha linganisha na video. Ukimaliza siku saba bila kuacha, una sababu ya kutafuta mwalimu. Ukishindwa kupata hizo dakika 15, hela yako ibaki mfukoni kwanza.