Kabla ya kulipia gari Uingereza, tazama kwanza lilisajiliwa lini

Mtu akihamia Uingereza kutoka kwetu na kutaka gari, swali lake la kwanza huwa bei na la pili bima. Kodi ya barabara hukumbukwa mwishoni, mara nyingi hela zikiwa zimeshatoka. Naelewa sababu. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017 na kuihamishia kwenye mafuta, kwa hiyo aliyezoea kulipa kidogo kidogo kila anapojaza tangi hana habari kwamba huku kila gari lina bili yake ya mwaka, wala kwamba magari mawili ya aina moja, rangi moja na injini moja yanaweza kupishana kwa mamia ya pauni.

Nimewasaidia ndugu na majirani kadhaa hapa Leicester kuchagua magari, na nimeona kwamba bili hiyo inaweza kujulikana mapema kabisa, hata kabla ya kwenda kulitazama gari. Viwango ninavyovitaja ni vya mwaka wa kodi ulioanza 1 Aprili 2025. Hubadilishwa kila Aprili, kwa hiyo hakikisha cha mwaka wako kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK.

Anza na tarehe ya usajili, ndipo uje kwenye moshi. Wengi husikia kwamba kodi hii hupangwa kwa hewa ya ukaa inayotoka kwenye ekzosi, basi wanaamini gari safi lina kodi ndogo na chafu lina kodi kubwa. Hilo ni kweli kwa kundi moja tu la magari, yaani yaliyosajiliwa kati ya 1 Machi 2001 na 31 Machi 2017. Yaliyotangulia hapo hutozwa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1549 ni pauni 220 kwa mwaka, na zaidi ya hapo pauni 360.

Kundi hilo la 2001 hadi 2017 ndilo lenye magari mengi ambayo mtu wa kipato cha kawaida anayamudu, kwa hiyo ndilo la kulisoma kwa makini. Lina madaraja kuanzia A hadi M, kwa gramu za hewa ya ukaa zinazotolewa kwa kila kilomita. Gari lisilozidi gramu 110 hulipiwa pauni 20 tu kwa mwaka. Gramu 111 hadi 120 ni pauni 35. Halafu ngazi inaruka ghafla: gramu 121 hadi 130 ni pauni 165. Tofauti ya gramu moja, kutoka 120 kwenda 121, inakugharimu pauni 130 kila mwaka, na gramu hiyo moja inaweza kutokana na matairi mapana au giaboksi ya otomatiki kwenye gari la toleo lile lile. Usiridhike kuambiwa "hii ni Yaris, kodi yake ndogo." Uliza Yaris ipi.

Kutoka hapo kodi hupanda taratibu: pauni 195 kwa gramu 131 hadi 140, pauni 265 kwa gramu 151 hadi 165, pauni 395 kwa gramu 186 hadi 200. Kisha unakuja ukuta mwingine, na huu huwaumiza wapenzi wa magari makubwa ya familia. Daraja K, la gramu 201 hadi 225, ni pauni 430. Linalofuata, L, ni pauni 735, na M, la zaidi ya gramu 255, ni pauni 760. Ila lile kubwa lililosajiliwa kabla ya 23 Machi 2006 halivuki daraja K, hata kama linatoa gramu 300. Ndiyo maana utakuta gari la tani mbili la Januari 2006 linatozwa pauni 430, na ndugu yake wa Aprili mwaka huo huo pauni 760. Muuzaji wa la pili atakupunguzia bei, nawe utaifurahia hiyo nafuu mpaka bili ije.

Magari yaliyosajiliwa kuanzia 1 Aprili 2017 yana sheria nyingine kabisa. Gramu huhesabiwa mwaka wa kwanza tu. Kuanzia mwaka wa pili karibu yote hulipa kiwango kimoja, pauni 195. George Osborne, aliyekuwa waziri wa fedha, alitangaza mabadiliko hayo Julai 2015, kwa kuwa magari mapya yalikuwa yamepunguza moshi kiasi kwamba mengi yalikuwa yanaponyoka kodi ya mwaka wa kwanza. Matokeo yake ni haya. Toyota Aygo ya gramu 95 iliyosajiliwa 2016 hulipa pauni 20. Ya gramu hizo hizo iliyosajiliwa 2018 hulipa pauni 195. Geuza upande wa pili: gari kubwa la petroli la gramu 230 lililosajiliwa Februari 2017 hulipa pauni 735, na lile lililosajiliwa Mei mwaka huo huo hulipa pauni 195. Sioni haki katika mfumo unaomtoza mwenye Aygo sawa na mwenye gari la kifahari, na nadhani atakayekuja kuurekebisha atakuwa amewatendea wema watu wengi wa kipato kidogo. Ila ndiyo sheria iliyopo, na ushauri unatoka humo: ukitaka kigari kidogo kisafi, tafuta kilichosajiliwa kabla ya 1 Aprili 2017. Ukihitaji gari kubwa, tafuta la baada ya hapo. Kwa Aygo hiyo, tofauti ya miaka mitano ni pauni 875, fedha inayotosha kubadilisha matairi yote na kufanya sevisi zaidi ya mara moja.

Kwa magari ya kundi hili jipya kuna nyongeza ya kuchunga. Ikiwa bei ya orodha ya gari lilipokuwa jipya ilizidi pauni 40,000, huongezewa pauni 425 kila mwaka kuanzia mwaka wa pili hadi wa sita. Bei inayohesabiwa ni ile iliyotangazwa na kiwanda kabla ya punguzo lolote, hata kama wewe umelinunua mkononi mwa mtu kwa pauni 18,000. Jumla inakuwa pauni 620 kwa mwaka. Gari la miaka minne au mitano linalouzwa kwa bei tamu mara nyingi bado limo ndani ya miaka hiyo.

Wanaonunua jipya kabisa wana jedwali lao la mwaka wa kwanza: pauni 10 kwa lisilotoa moshi, pauni 440 kwa gramu 111 hadi 130, pauni 1,360 kwa gramu 151 hadi 170, mpaka pauni 5,490 kwa linalozidi gramu 255. Fedha hiyo huwa imeshaingizwa kwenye bei ya yadi.

Magari ya umeme yalikuwa hayalipi kitu mpaka 31 Machi 2025. Sasa yanalipa. Lililosajiliwa kati ya Aprili 2017 na Machi 2025 ni pauni 195, la kabla ya hapo ni pauni 20. Haibridi nazo zimepoteza punguzo lao la pauni 10. Kiangazi cha 2025 nilimsindikiza jirani yangu kwenye yadi moja, tukakuta kwenye kioo cha gari la umeme la 2021 kibandiko kimeandikwa "kodi pauni 0". Nilimwonyesha muuzaji kiwango kipya kwenye simu, akakibandua. Vibandiko na matangazo ya namna hiyo bado yapo mengi, usiyategemee.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, yaani dizeli. Mtoto wa shangazi yangu ni muuguzi Croydon, kusini mwa London. Alipata Volkswagen Golf ya dizeli ya 2012, gramu 99, kodi ya mwaka pauni 20, bei nzuri. Kwa hesabu ya kodi ya barabara hakuna gari bora kuliko hilo. Lakini kodi hiyo hupima hewa ya ukaa peke yake, na dizeli huitoa kidogo kwa sababu inakunywa mafuta kidogo. Haipimi oksaidi za nitrojeni wala masizi, ambavyo ndivyo vinavyoingia kwenye mapafu ya watoto wanaokwenda shule kwa miguu. London inavipima kwa kanuni yake ya ULEZ, ambayo tangu 29 Agosti 2023 inahusu mitaa yote ya jiji. Dizeli isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku inayotembea humo, na Golf ya 2012 ni Euro 5. Siku mbili tu zimeshapita kodi ya mwaka mzima. Tena siku ya tozo huanza saa sita usiku na kuishia saa sita usiku, kwa hiyo muuguzi anayeingia zamu ya jioni na kurudi asubuhi analipa mara mbili. Nilimpigia nikamwambia, "Dada, gari hilo ni la mtu wa kijijini." Alichukua ya petroli. Kwa petroli kiwango kinachotakiwa ni Euro 4, na karibu zote zilizosajiliwa kuanzia 2006 zinakifikia. Birmingham nako kuna eneo la katikati ya jiji linalotoza dizeli kama hizo pauni 8 kwa siku.

Yote haya unayapata bila kumtegemea muuzaji. Mwombe namba ya gari, uiingize kwenye huduma ya bure ya DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, kule GOV.UK: itakupa tarehe ya usajili wa kwanza, gramu za hewa ya ukaa, aina ya mafuta na kama kodi na MOT, yaani ukaguzi wa gari wa kila mwaka, viko hai. Ukiwa na kadi ya gari mkononi, yaani V5C, tarehe imo kwenye kisanduku B na gramu kwenye V.7. Asiyetaka kukupa namba ya gari, achana naye, magari ni mengi. Ukilipa kodi kwa mwezi kupitia benki unaongezewa asilimia 5, kwa hiyo pauni 195 zinakuwa 204.75. Mwenye nafasi alipe mara moja.

Na kumbuka kwamba tangu 1 Oktoba 2014 kodi haihami na gari. Aliyekuuzia hurudishiwa miezi yake kamili iliyobaki, wewe unaanza upya. Lipia kwa simu ukiwa hapo hapo kwa muuzaji, kwa namba iliyo kwenye kipande cha kijani cha V5C, ndipo uwashe gari uondoke.