Amana zetu kwenye mashine ya ukaguzi

Tukisikia neno amana, Waislamu wengi hufikiria fedha aliyotuwekesha jirani au siri ya rafiki. Pasipoti, fedha za safari na dawa za mzazi mzee nazo ni amana, na ipo sehemu moja ambapo kila msafiri hulazimika kuziachia kwa dakika chache mbele ya watu asiowajua. Nayo ni mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege.

Kwa mahujaji jambo hili lina uzito wake. Wapo wanaume wanaovaa ihramu kabla ya kupanda ndege ya Jeddah. Ihramu haina mfuko, hivyo kila cha thamani kimo kwenye mkanda wa kiunoni. Mkanda wenyewe una vifungo vya chuma, na mkaguzi atataka uvuliwe. Hapo mzee wa miaka sabini amebaki na shuka mbili tu mwilini, na fedha zake zote zimetangulia upande wa pili bila yeye.

Dada zetu nao wana mtihani wao. Mwenye hijabu anaweza kuwekwa kando apapaswe, na wakati huo mkoba wake umeshatoka na uko wazi kwa kila apitaye. Aombe akaguliwe na mwanamke, na aombe mkoba uletwe alipo au asimame mahali anapouona. Aseme kabla upapasaji haujaanza. Sioni kwa nini tulionee haya jambo hili.

Wapo watakaosema, "Mimi nimemtegemea Allah." Vizuri, lakini katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutawakali, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza afunge kwanza. Ngamia wa leo hufungwa hivi: kabla hujafika kwenye foleni, saa, simu na sarafu ziingie ndani ya begi na zipu ifungwe. Usipite mlango wa ukaguzi mpaka uone trei yako imeingia kwenye mashine. Mkiwa familia, mmoja atangulie kupokea na mwingine abaki nyuma mpaka trei ya mwisho iingie. Hesabuni trei zenu.

Na cha mwenzako je? Kompyuta nyeusi zinafanana, simu zinafanana. Katika Hadithi ya Zayd bin Khalid, iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliyeokota mali anatakiwa autambue mfuko wake na kamba iliyofungiwa, kisha aitangaze mwaka mzima. Nawe kitie chako alama, hata kitambaa chekundu, ili asikichukue mwingine kwa kudhani ni chake.

Marekani, katika mwaka wa fedha wa 2019, abiria waliacha kwenye vituo vya ukaguzi zaidi ya dola 926,000, na tangu 2005 sheria yao inairuhusu idara ya usalama wa usafiri kuzitumia fedha hizo. Hiyo ni sheria yao kwa idara yao. Abiria Muislamu anayekuta sarafu kwenye trei hana ruhusa hiyo. Mwenyewe huenda yuko hatua kumi mbele anavaa viatu, basi amwite, au amkabidhi mkaguzi papo hapo kabla ndege haijamchukua. Mali ya hujaji ni nzito zaidi, kwani katika Sahihi Muslim Mtume (S.A.W.) amekataza kuiokota.