Flashi yangu imerudi na virusi kutoka saiba

*Nilipeleka flashi saiba hapa Isiolo mjini nichapishe barua ya kuomba kazi. Nilipoichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani, kila folda ilikuwa na kimshale pembeni. Je, vyeti vyangu na picha za marehemu mama zimepotea?*
*Dada H., Isiolo*

Pole, dada. Usikate tamaa: mara nyingi faili hizo hazijafutwa, zimefichwa tu. Kirusi cha aina hii huficha folda zako na kuweka mahali pake njia ya mkato yenye jina lile lile. Ukiibofya unakiamsha, nacho huingia kwenye kompyuta na kuvizia flashi nyingine.

Kwa hivyo usibofye tena, wala usifomati flashi kwanza. Sasisha programu ya kuzuia virusi (Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender), kisha kagua kompyuta nzima pamoja na flashi. Halafu ruhusu faili zilizofichwa zionekane, pamoja na zile za mfumo. Nakili faili zako mahali salama, ndipo ufomati flashi. Badilisha pia nywila za barua pepe na eCitizen ukitumia kifaa kingine kisicho na virusi.

Faili zikikataa kufunguka na ujumbe ukadai pesa, hicho ni kirusi kingine. Kata intaneti, usilipe, mwone fundi unayemwamini, kisha ripoti kwa KE-CIRT, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Picha za mama ziwe na nakala ya pili daima, na flashi ya saiba isibebe chochote ila barua ya kuchapishwa.